Nilivyobisha hodi kwa kamisheni: uzoefu wangu wa kufuatilia wadaiwa fildi hapa Dar

Nyota mbili kati ya tano. Moja ni ya dada wa uhasibu, ambaye kwa miezi yote 14 alipokea simu zangu hata alipokuwa hana la kuniambia. Ya pili ni ya wiki tatu za mwanzo, maana walilipa kwa wakati nikadhani nimepata.

Jina la kampuni siliweki. Wao wananidai kitambulisho, mimi nawadai hela, tukianza kutajana hatutamaliza. Ni moja ya hizi kampuni zinazokusanya madeni kwa niaba ya mabenki na taasisi za mikopo. Ofisi iko ghorofani katikati ya mji, ina kiyoyozi na dumu la maji baridi. Niliingia Januari 2024, kabla ya ile masika iliyotufundisha kila shimo la jiji hili. Hukai ofisini, na hujaajiriwa. Mkataba unakuita "mtoa huduma wa kujitegemea", sisi wenyewe tuliitana maafisa fildi, mke wangu alisema mimi ni deiwaka tu. Nadhani yeye ndiye aliyepatia.

Kazi yenyewe haina maelezo marefu. Asubuhi mafaili yanaingia kwenye programu ya simu: jina la mdaiwa, namba yake, mahali anapoishi. Unawasha pikipiki yako kwa mafuta yako, unaenda, unabisha hodi, unamkabidhi bahasha iliyofungwa na kumwomba apige simu ofisini. Unapiga picha ya nyumba, unajaza fomu: amekutwa, hayupo, amehama, hajulikani. Hela hupokei hata mia, anayelipa analipa kwa simu au benki. Ziara iliyothibitishwa ni shilingi 4,000. Mdaiwa akilipa ndani ya siku 14 tangu umtembelee, unapata asilimia 3 ya alicholipa. Hilo neno "iliyothibitishwa" lishike, ndilo lililonila.

Watu wakisikia nilifanya kazi hii, cha kwanza wanauliza matusi. Yapo. Nimekimbizwa na mbwa Goba, nimemwagiwa maji ya kuoshea vyombo Tandika, tena aliyemwaga alikuwa mama mkwe wa mdaiwa, wala hakukopa yeye. Lakini nikisema kwa haki, wadaiwa walinitendea vizuri kuliko ofisi. Mtu akisikia hodi ya taratibu na shikamoo yenye heshima, mara nyingi atakutolea kigoda. Atakueleza biashara ilivyokufa, mtoto alivyolazwa, mume alivyoondoka na mtaji. Kinachowatisha ni kudhani umekuja kubeba vitu. Mara ngapi nimesimama mlango wa mbele huku kochi linatokea mlango wa nyuma kwenda kwa jirani! Anayeweza kukamata mali ni dalali wa mahakama, naye anakuja na amri ya mahakama. Mimi sikuwa na amri wala lori. Nilikuwa na bahasha.

Na hofu yao si ya bure. Mama mmoja wa genge pale Buza aliponiona na kitambulisho shingoni aliacha nyanya zake akaingia ndani. Nikakaa kwenye benchi kumngoja, nikanunua na fungu la bamia nisionekane askari kanzu. Alipotoka akanisimulia kwamba kuna programu ya mikopo ya simu ilishamtumia ujumbe hadi mwalimu wa mwanawe, kwamba yeye ni tapeli, kwa deni la shilingi 60,000.

"Na wewe mwanangu umekuja kunitangaza?"

"Hapana mama. Barua hii ni yako peke yako."

Deni lililonipeleka pale lilikuwa jingine kabisa, lakini ungemwelezaje? Kwake sote ni kausha damu. Novemba 2024 Benki Kuu ilipotoa orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo mtandaoni zisizo na leseni, nikaanza kupokelewa na swali jipya milangoni: "Nyie mmo kwenye ile orodha?" Mkopeshaji wetu hakuwemo, ila ningethibitisha kwa karatasi gani? Nilipoomba ofisini angalau namba ya leseni ya aliyetutuma, niliambiwa hiyo ni siri ya mteja. Mteja, kwa lugha yao, ni benki. Huyu wa genge haitwi mteja, anaitwa faili.

Mratibu wetu naye alikuwa na ushauri wake: ukimkosa mdaiwa, waachie majirani ujumbe. "Waambie tu ni mambo ya mkopo, akiona aibu atapiga." Sikufanya. Si kwamba mimi ni mtakatifu. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sahihi kwenye fomu ya ziara ilikuwa yangu, si ya mratibu.

Sasa njoo kwenye anwani. Faili linasema: "Mbagala Chamazi, karibu na msikiti." Msikiti upi? Jingine: "Kimara Temboni, nyuma ya baa, geti jeusi." Nenda Temboni uhesabu mageti meusi. Moja sitalisahau, liliandikwa "Kivule, kwa mama yake", basi. Mwaka 2022 serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi, nyumba zikapewa namba, mitaa ikawekewa nguzo zenye majina. Ningeshukuru kama faili moja kati ya kumi lingekuwa na namba hiyo. Tena mpangaji wa Dar hakai sehemu moja. Kodi ya miezi sita ikiisha na nyingine haijapatikana, kirikuu kinakuja jioni, asubuhi chumba kina mtu mwingine anayekuangalia kama mwizi.

Kwa hiyo unaanzia serikali ya mtaa au kwa mjumbe. Pale unaulizwa barua ya utambulisho, na ni haki yao kuuliza. Kampuni ilitupa barua moja ya jumla, "kwa yeyote anayehusika", yenye tarehe ya mwaka uliopita. Mwenyekiti mmoja huko Chanika aliisoma mara mbili, akavua miwani.

"Kijana, hii barua inanihusu mimi kwa lipi?"

Hata hivyo alinipa mjumbe, mzee mmoja mcheshi aliyenizungusha saa nzima kwa miguu, kila nyumba anasimama kusalimia. Mwisho tukaambiwa mtu wetu alihamia Mkuranga tangu mwaka jana. Nikajaza "amehama". Jioni jibu likaja: ziara imekataliwa, picha haionyeshi namba ya nyumba. Kibao cha namba kilishang'olewa, wenyeji wakasema kimeenda kwenye chuma chakavu. Safari ya pili nikapiga picha matundu ya misumari. Wakakataa na hiyo.

Sababu za kukataa zilikuwa haziishi. Picha ina giza. Simu inaonyesha ulikuwa mita 80 kutoka kwenye alama ya ramani, na alama yenyewe waliiweka wao, katikati ya bonde la mto. Fomu imetumwa saa mbili baada ya ziara, kana kwamba mimi ndiye niliyeondoa mtandao Kivule. Lakini iliyoniuma kuliko zote ni hii ya faili kurudishwa.

Aprili ile ya mvua nilitoka nyumbani Tabata saa 12 asubuhi kwenda Chamazi kwa fundi wa kuchomelea mageti, anayedaiwa milioni moja na ushee. Njiani maji yakaingia kwenye eksozi, nikasukuma pikipiki kama nusu kilomita huku watoto wa shule wakinicheka. Nafika kwa fundi nimelowa hadi mfukoni. Akanitazama, akavua miwani ya kuchomelea, akacheka.

"Kaka, mbona nimemaliza? Tangu juzi."

Akatoa simu akanionyesha ujumbe wa muamala. Kiasi chote, hadi mia ya mwisho. Nikampigia mratibu.

"Aa, hilo faili lilirudishwa kwa mteja jana jioni. Hukuona?"

Nikafungua programu. Faili lilikuwa halipo tena, na asubuhi nikiwa Tabata lilikuwepo. Bila faili huwezi kujaza fomu, bila fomu hakuna ziara, bila ziara hakuna 4,000. Asilimia 3 nayo haipo, mtu amelipa bila mimi. Benki imepata hela yake, fundi amepumua, kampuni imepata fungu lake, aliyetoka pale na hasara ni mimi na spaki plagi yangu. Fundi ndiye aliyenipa chai na chapati. Akanifutia plagi bure.

Nilikuwa na daftari, kwa hiyo hesabu ya mwezi ule ninayo. Ziara 140, zilizokubaliwa 93. Hiyo ni shilingi 372,000. Kodi ya zuio asilimia 5 ikaondoka na 18,600. Petroli ilishavuka 3,000 kwa lita, nikamaliza kama 210,000 kwenye tenki. Bando 25,000. Faini ya pikipiki mara moja, 10,000, kosa langu, silaumu mtu. Ilibaki laki moja na kitu kidogo, na hapo tairi la nyuma lilikuwa limeisha vipara. Hiyo kodi ya zuio, kwa taarifa yako, anayekukata anatakiwa akupe cheti chake ili ukienda TRA ijulikane umeshalipa. Nimekiomba kwa mdomo, kwa ujumbe, kwa barua pepe. Mpaka leo sijakiona.

Kamisheni? Niliipata mara sita kwa miezi yote. Ukimtembelea mdaiwa Jumatatu, Jumatano dada wa kitengo cha simu anampigia, Alhamisi analipa, malipo yanaandikwa ya kitengo cha simu. Nilipolalamika niliambiwa mfumo unamhesabu aliyewasiliana naye mwisho. Mimi niliyepita kwenye tope sikuwasiliana?

Kilichonichosha zaidi ni ule uhuru wa kwenye karatasi. Kujitegemea, lakini saa 1:30 asubuhi lazima ujisajili kwenye programu. Kujitegemea, lakini fulana yao unavaa, ripoti ya jioni unatuma, na ukionekana unashika mafaili ya kampuni nyingine unaondolewa. Ukiugua au ukianguka, hapo ndipo unakumbushwa kwamba wewe ni wa kujitegemea. Mwenzetu mmoja alivunjika mkono Bunju, tukamchangia wenyewe kwenye kundi letu la simu. Mratibu alituma emoji ya maombi.

Jirani yangu anayesomea sheria ndiye aliyenifungua macho. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inataja dalili ambazo ikiwepo hata moja, mtu anahesabiwa ni mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo: kusimamiwa saa au namna ya kufanya kazi, kumfanyia kazi huyo anayekulipa wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita, kumtegemea kiuchumi, kumfanyia yeye tu. Saa 45 mimi nilizimaliza kwa wiki. Nikauliza, basi niende CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi? Akaniambia madai yasiyo ya kuachishwa kazi yanatakiwa yafike ndani ya siku 60, ukichelewa unaanza kwa kuomba usikilizwe nje ya muda na ujieleze kwa nini. Miezi minne nilikuwa nimekaa naambiwa "wiki ijayo".

Maana walinibakishia miezi miwili, 418,000. Na hapa nicheke kidogo. Mfumo uko chini. Bosi amesafiri. Imebaki sahihi moja. Wateja wenyewe hawajatulipa. Visingizio vyote hivi nilishavisikia kwenye vibaraza vya Mbagala na Gongo la Mboto, navijua mpaka mpangilio wake, tofauti ni kwamba ofisini hakuna aliyenitolea kigoda.

Kwa mwenye pikipiki anayefikiria kuingia: usiangalie kiwango cha ziara, uliza faili likirudishwa ukiwa njiani nani anabeba hasara. Uliza hilo limeandikwa wapi. Omba barua ya mtaa yenye jina lako na tarehe ya mwezi huu, si hii ya yeyote anayehusika. Ukipangiwa kanda moja, tuseme Ilala tupu, inaweza kulipa. Ukipangiwa Bunju asubuhi na Chanika mchana, kama nilivyopangiwa mimi, hapo unawalipia wao nauli. Mtu wa kutegemea kazi hii peke yake simshauri. Mtu mwenye bodaboda yake anayepita njia hizo hizo na abiria, labda.

Niliacha Machi 2025. Mwezi uliopita mratibu amenitumia ujumbe, kaka naomba urudishe kitambulisho cha kampuni haraka. Nikamwambia sina mafuta, amtume afisa fildi aje akichukue. Akaomba anwani. Nikamwandikia: Tabata Kimanga, karibu na msikiti, geti jeusi.