Warsha ya Kuigiza Tungo za Kale, Tanga: Tathmini ya Mshiriki

Nimehudhuria kwa siku nne warsha ya waigizaji iliyofanyika katika ukumbi mdogo huko Raskazone, na kwa ada ya shilingi 40,000 naona nilichopata kinazidi nilichotoa, ijapokuwa sikuridhika na kila kitu.

Mkufunzi alianza na Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, wa Hemedi bin Abdallah, unaosimulia vita dhidi ya Wadachi, yaani Wajerumani, ambavyo Bushiri aliviongoza hadi akanyongwa Pangani mwaka 1889. Tuliughani kama tulivyozoea, tukikata pumzi kila baada ya mizani nane, yaani silabi nane za mshororo mmoja, vina vikivuma na maana ikipotea. Mzee mmoja wa jirani, aliyekuwa akisikiliza dirishani, alimwambia mwenzetu: “Mwanangu, sauti nimeisikia, maneno sikuyasikia.” Mkufunzi hakukasirika, aliigeuza kauli hiyo kuwa somo la siku mbili.

Alitutaka tueleze kila ubeti kwa maneno yetu ya kila siku, kisha tuusome tukitembea, tukigeuka pale tu sentensi inapokwisha, wala si pale mshororo unapokwisha. Hapo ndipo nilipotambua kwamba mara nyingi nilikuwa nikipumua kabla kitenzi hakijafika. Lililonifaa zaidi ni silabi ya mwisho: mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mwigizaji huelekea kuimeza inayofuata, hali kina kimekaa papo hapo. Tulifunzwa kuitamka kamili bila kuikazia, na kupunguza mwendo penye inkisari, yaani neno lililofupishwa ili kutosheleza mizani, au msamiati wa kale, kwa kuwa msikilizaji hana ukurasa wa kurudia.

Siku ya tatu tulihamia tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1963. Haina vina, hivyo hatukuwa na pa kujificha. Katika hotuba ya mazishi, Mark Antony anamsifu Brutus, mmoja wa waliomuua Caesar, kwa sifa ileile tena na tena, na tulitakiwa kila mara tuipe uzito mpya, kwani umati hugeuka kidogo kidogo.

Nakala tulizogawiwa zilichapwa ovyo; mshororo mmoja wa utenzi ulibaki na mizani saba, tukabishana nusu saa nzima. La kuudhi zaidi, katika onyesho la mwisho tulipewa vipaza sauti ndani ya chumba cha watu arobaini, na kazi yote ya pumzi ikafunikwa na mngurumo. Warsha ijayo nitajiandikisha, iwapo nitahakikishiwa kwamba vitabaki kabatini.