TAHADHARI: Fundi pikipiki wa Gerezani anafunga sproketi kuukuu zilizopigwa rangi

Wakuu, kuna fundi Kariakoo, upande wa Gerezani, anatakiwa alale ndani. Ile pikipiki niliyonunua mkononi nilimpelekea aifanyie sevisi kubwa kabla ya safari ya Mbeya. Hela kala, na almanusura aniue.

Alifungua boksi mbele ya macho yangu, akatoa cheni ndani ya nailoni, bado ina grisi ya kiwandani, akanipa nishike. "Kaka, hii orijino. Ukirudi Mbeya niletee mchele wa Kyela." Nikaishika, nzito, nikaridhika. Sproketi mbili, yale magurudumu ya meno yanayoshika cheni, akazining'iniza kidoleni, zinang'aa. Hesabu ya seti nzima, oili na brekishuu: laki moja na themanini, nikamtumia kwa simu palepale. "Kaka, jua kali, kanywe chai hapo kwa mama, nikimaliza nakuita." Kijana mpole, kaka kila neno, kibanda kimejaa wateja, na boda wawili wamekaa pale wanamsifia (wa kwake hao, leo najua). Nani asingemwamini?

Chalinze cheni ikaanza kugonga. Nimeipita Morogoro, inaruka meno kila nikivuta mafuta. Doma ikakatika, na mbele yangu ni hifadhi ya Mikumi, tembo wanavuka lami! Fundi wa pale akaikwangua sproketi kubwa kwa bisibisi, rangi ya silva ikabanduka. Chini chuma cha zamani, meno yamechongoka kama msumeno, yule wa Gerezani kaigeuza tu upande. Na cheni? Ni ileile yangu, imeoshwa kwa dizeli. Ile mpya imerudi boksini inamsubiri mwingine. Oili nyeusi tii.

Nikampigia. "Kaka, barabara ndiyo mbaya." Akakata. Barabara ya lami ile!

Dalili: ukiambiwa kanywe chai, usibanduke. Vipuri vyako vya zamani udai uondoke navyo. Kwangua meno ya sproketi. Risiti ya EFD alisema mashine mbovu.

Ila huyu asiachwe. Afungiwe kibanda, alipe mpaka auze spana zake, na FCC wanaokamata bidhaa bandia wapekue hayo maboksi yake. Picha ninazo, muamala upo kwenye simu. Kesho asubuhi niko kituo cha polisi Msimbazi. Kama na wewe alikupiga, njoo tuingie wote.