Kozi ya Ezekieli jioni za Jumamosi: maoni ya fundi baiskeli

Nilijiandikisha kwa sababu ya magurudumu. Mimi ni fundi baiskeli hapa Morogoro, na tangu utotoni kila Ezekieli sura ya 1 ikisomwa kanisani najiuliza hilo gurudumu ndani ya gurudumu linazungukaje. Ada shilingi 10,000 kwa Jumamosi tano, chai ya rangi na kitumbua kimoja.

Siku ya kwanza nusura nidai hela yangu. Saa kumi ikawa saa kumi na moja, karatasi zilikuwa fotokopi ya fotokopi, na nusu saa ikaliwa na kijana mmoja aliyeng'ang'ania kwamba nabii aliona chombo cha anga. Mwalimu ni mpole mno.

Ya pili ndiyo iliyoninasa. Mwalimu alitundika ramani akatuonyesha mto Kebari, ambao hasa ni mfereji karibu na Nippur, Iraki ya leo. Ezekieli, kuhani mwana wa Buzi, alikuwa kule na watu waliohamishwa pamoja na mfalme Yehoyakini mwaka 597 KK. Maono yalimjia mwaka wa tano wa uhamisho, 593 KK, hekalu la Yerusalemu likiwa bado limesimama. Fikiria kuhani huyo: nyumba ya Mungu wake iko mbali, yeye yuko kando ya mfereji wa Wababeli. Ndipo anaona kiti cha enzi, na chini yake kuna magurudumu.

Kisha mwalimu akachora duara dogo ndani ya duara kubwa. Nikanyoosha mkono. Mwalimu wangu, gurudumu hilo ni la kawaida, linakwenda mbele na nyuma basi, na maandiko yanasema yalikwenda pande zote nne bila kugeuka. Nikakimbilia kibandani, nikarudi na ringi ya inchi 28 na ya 26, nikaipitisha ndogo ndani ya kubwa zikakatana msalaba. Akazitazama, akafuta ubao.

Halafu macho, yale yaliyojaa kwenye magurudumu hayo. Mimi nimekulia na "Mungu anakuona" ya kumtisha mtoto asichote sukari. Hapa tulisoma sura ya 8, wazee sabini na vyetezo vyao gizani, wakisema Bwana hatuoni, ameiacha nchi. Hao walitumaini haoni. Wale wa Babeli, nadhani, waliogopa hivyo hivyo kwamba haoni. Nami kama fundi nikaona kitu ambacho mwalimu hakukisema: macho yamejaa kwenye ringi, upande unaokutana na vumbi na tope la njia.

Alitufunza pia kwamba ayin, jicho kwa Kiebrania, ndilo neno linalotumika sura ya 1 kwa mng'ao. Na kwamba Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, inakataza sura hii kufundishwa hata mtu mmoja, ila awe mwenye hekima anayeelewa mwenyewe. Sisi tulikuwa kumi na tisa, na mmoja alikuwa amesinzia.

Jumamosi ya nne na ya tano zilipita mbiombio. Sura ya 10, utukufu unapoondoka hekaluni, ilistahili jioni yake.

Nyota nne. Awamu ijayo ni Zekaria na yale macho saba, nimeshalipa. Mabenchi ni magumu, njoo na mto wako. Ringi zangu mbili bado wanazo.