Fundi wa kabureta nyuma ya soko la Mwanga, Kigoma: nimemwachia pikipiki siku nzima

Nianze na hela kabisa ili asiye na muda aishie hapahapa: elfu 30 ya ufundi, elfu 8 jeti mbili (vile vitundu vya kupitishia petroli kwenye kabureta), gasketi ya kuzibia maungio elfu 2, pikipiki imeingia saa mbili asubuhi imetoka jua linazamia upande wa Kongo. Na imerudi kuwa pikipiki.

Wenye muda sasa. Chombo ni Boxer 150, mpya, ina miezi minne, naendea kazini na jumamosi nafata dagaa Kibirizi. Kwa kiherehere changu nikatoa boksi la eya klina linalochuja upepo wa injini nikafunga filta ya koni ile ya wazi, na ekzosi (bomba la moshi) ya kiwandani nikaitupa uvunguni nikaweka ya kopo fupi iliyonyooka haina vyumba ndani. Siku ya kwanza raha tupu, inanguruma mpaka watoto wa Ujiji wanakimbilia barabarani. Siku ya pili nikaanza kuona mambo. Ukivuta resi ghafla inakata kama imekabwa koo, ukiachia resi kwenye mteremko inapiga risasi nyuma pa pa pa, kuna bibi kaangusha beseni la mihogo ikabidi nishuke niombe radhi na kuokota, na ile kupanda ya kutoka stesheni kuja Mwanga nikiwa na abiria nikawa naipanda na gia ya pili wakati ikiwa na vitu vyake vya kiwandani nilikuwa napanda na tatu bila shida. Yaani nimelipia nguvu nikapewa kelele.

Fundi wa kwanza simtaji, tunasalimiana. Alichukua bisibisi akazungusha skrubu ya upepo, akaongeza sailensa, ule mlio wa injini bila kuvuta resi, mpaka inalia yenyewe kama mashine ya kusaga, akasema poa hiyo kiongozi, elfu 5. Sikufika mbali ikazima.

Ndo kijiweni wakanielekeza kwa huyu mzee. Kibanda cha mabati, bango hakuna, ulizia tu fundi wa kabureta utaoneshwa. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba huku macho yako kwenye ekzosi. "Mwanangu, umeipanua pua, umeipanua na huku nyuma, chakula umeiongezea?" Nilicheka ila ugonjwa ulikuwa huohuo. Kabureta, ndo inayochanganya petroli na upepo, imepimwa kwa boksi lake na ekzosi yake, ukifungulia upepo mwingi halafu petroli ikabaki ileile mchanganyiko unakuwa mkavu. Kilo moja ya petroli inataka upepo kama kilo 14.7 ndo iungue yote, na ukitaka nguvu unashuka kwenye 12 na kitu mpaka 13. Ikikauka sana injini inachemka, na hii inapozwa na upepo tu haina rejeta, ukiendelea kuikimbiza hivo unatafuta kutoboa pistoni.

Kilichonifanya nimwamini ni alivoanza. Hakugusa skrubu. Alifungua plagi kwanza, nyeupe kama chaki, akaniwekea mkononi niione mwenyewe. Kisha akawasha, akapitisha kitambaa kibichi pale ekzosi inapoungana na injini, panapumua! Kumbe niliifunga na gasketi ya zamani, ukiachia resi inavuta upepo pale na ndo zile risasi. Tukabadili gasketi, nusu ya risasi zikaisha kabla kabureta haijafunguliwa.

Baada ya hapo jeti kubwa. Akasoma namba kwa tochi ya simu, akaweka iliyozidi kwa hatua mbili, ikawa nzito resi ikiwa imevutwa yote, moshi mweusi, plagi masizi. Akarudi hatua moja. Sindano ya ndani ya kabureta nayo akaishushia klipu tundu moja ili sindano yenyewe ipande, hiyo ni ya resi ya katikati, ambayo mjini ndo unayoishi nayo. Skrubu ambayo yule mwenzake alianza nayo huyu kaimalizia nayo, injini ikiwa ya moto, maana inatawala sailensa na resi ndogo tu, huko juu haifiki. Kila akibadili kitu anashuka mwenyewe mpaka stesheni, anapanda na tatu resi yote, anazima huku kashika klachi, anasimama pembeni anachomoa plagi anaisoma hapohapo. Ya mwisho ilikuwa rangi ya chai ya maziwa.

Sasa ukweli. Kupanda inapanda, na abiria, gia ya tatu. Spidi ya mwisho sijaona tofauti ya maana, kwa hiyo ukiambiwa ekzosi inaongeza spidi kwenye 150, mh. Mafuta inakula zaidi, ya siku tatu sasa yanaisha siku mbili na nusu. Akanionya pia nikipanda nayo Kasulu itajisikia nzito, kule juu upepo mwepesi kuliko huku ziwani tulipo kwenye mita 770 na kitu, nimeenda juzi ni kweli. Na akasema rudisha boksi, koni ya wazi na vumbi letu pete za pistoni hazitakaa. Sijarudisha, najua, naiosha filta kila jumapili.

Upande wa huduma asitegemee mtu raha. Unakaa kwenye tairi, risiti hakuna, na katikati ya kazi yangu akaziba pancha tatu za bodaboda. Mashine ya kupimia moshi hana, ni sikio na plagi. Pikipiki ya injeksheni, ile isiyo na kabureta, hagusi, kijana mmoja kaja nayo mbele yangu akarudishwa, kaambiwa hiyo inataka kompyuta, nikampa heshima kwa hilo. Swala la waranti hakuniuliza wala sikumuuliza, ila we soma kitabu chako kabla hujabadili chochote.

Ukienda wahi kabla bodaboda hawajaanza kuleta pancha, nenda na gasketi mpya mkononi, na ijumaa mchana humkuti.