Asilimia ya kawaida au XIRR: ipi ikuambie faida ya vipande vyako?

Wengi wetu tunaonunua vipande vya UTT (sehemu za mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya Tanzania) kidogo kidogo tuna jedwali la Excel lenye fomula moja tu: thamani ya leo, toa jumla uliyoweka, gawa kwa ulichoweka. Ni rahisi, na kwa aliyeweka fedha mara moja akasubiri mwaka mzima inatosha kabisa.

Shida huanza ukiongeza fedha katikati. Chukua mfano: umeweka 1,000,000 tarehe 1/1/2024, ukaongeza 1,000,000 tarehe 1/12/2024, na tarehe 31/12 thamani ni 2,110,000. Fomula ya kawaida inasema 5.5%. Unakata tamaa bure! Ile milioni ya pili imekaa siku 30 tu, lakini imehesabiwa kana kwamba imefanya kazi mwaka mzima.

XIRR, fomula ya Excel inayokokotoa faida kwa mwaka, huangalia tarehe. Safu A weka tarehe, safu B weka kiasi: ulichotoa mfukoni kiwe na alama ya kutoa, thamani ya leo iwe chanya. Kisha andika =XIRR(B2:B4,A2:A4). Jibu ni kama 10.2% kwa mwaka. Google Sheets nayo inaikubali.

Hakikisha tu tarehe zimesomwa kama tarehe, si maandishi. Zikijipanga kushoto mwa seli, zishuku.

Mimi nabakiza zote mbili, ila ninapolinganisha na riba ya benki natazama XIRR. Kwa vipande vya miezi miwili mitatu siitumii: inakuza faida ndogo ionekane ya mwaka.