Nyumba ya pili ya uzeeni: Katuba au Kipushi?

Mzee anayeishi Kolwezi, huku Kongo (DRC), watoto wakiwa Lubumbashi, ana njia ya kama kilomita 300 kila anapotaka kuwaona wajukuu. Nyumba ya pili inafaa. Swali ni inunuliwe wapi.

Katuba iko ndani ya mji wa Lubumbashi. Mjukuu akitoka shule anapita kwa babu, na bibi akizidiwa usiku, hospitali ya Sendwe haiko mbali. Hilo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Shida ni nafasi: parseli (viwanja) zimebanana, kelele haziishi, na bustani ya mboga utaisahau.

Kipushi iko kama kilomita 30 kutoka Lubumbashi, mpakani na Zambia. Pale mtu anaweza kupata uwanja mpana, alime mahindi na lengalenga (mchicha), afuge kuku. Lakini mgodi wake, uliosimama tangu 1993, ulianza tena kuzalisha zinki mwaka 2024, na mgodi ukiamka wapangaji huja, na bei za viwanja hupanda. Tena watoto wanaofanya kazi watakuja Jumapili tu, si Jumanne mama yao anapoumwa.

Kokote, usiridhike na karatasi ya muuzaji. Kwa sheria ya Kongo ya 1973 ardhi ni ya Serikali. Mwenye haki ni aliye na cheti cha usajili. Kakihakikishe kwenye ofisi ya ardhi kabla ya kutoa pesa.

Mimi ningechukua Katuba, hata kama ni vyumba viwili tu.