Gasketi ya jiko la kamado: kabla ya kuuliza kitambaa, uliza gundi

Mara ya tatu tu kuwasha kamado yangu, lile jiko la mkaa la seramiki lenye umbo la yai, baada ya kubadilisha gasketi, yaani kile kitambaa cha kuziba kati ya mfuniko na ukingo, nikanusa harufu ya tairi. Nikajua kuna mtu anachoma taka. Nazunguka jiko, nafunua mfuniko, kumbe ni langu: mchirizi mweusi unaonata kama lami umeshuka kwa ndani mpaka karibu na wavu, na nyama iko hapo hapo inapokea moshi wake. Nyama yote nikatupa. Cha ajabu kitambaa chenyewe hakikuungua, kilikuwa kizima kabisa, kinaning'inia tu kama soksi iliyolegea. Kilichoungua ni gundi ya mgongoni.

Tangu siku hiyo mtu akiniuliza gasketi gani nzuri, namjibu kwa kumuuliza gundi gani, na wengi wananiangalia kama nimechanganyikiwa. Lakini hebu fikiria. Tangazo linaandika namba kubwa ya joto kwa maandishi mekundu, na ile namba ni ya kitambaa. Nomex kwa mfano ni nyuzi za aramidi za DuPont, zile zile wanazoshonea nguo za wazima moto, haziyeyuki, mpaka ufike kwenye nyuzijoto 370 hivi ndo zinaanza kugeuka makaa. Sawa, hongera zake. Sasa ile gundi ya kubandua karatasi na kubandika kama stika, ambayo mara nyingi ni akriliki, inachoka mapema sana kabla ya kitambaa kuanza hata kubadilika rangi, na hiyo namba yake hakuna anayeiandika popote. Na kamado ukifungua matundu ya hewa yote inapita 370 bila jasho.

Kuna kitu kingine watu hawakijui. Ukiweka lile bamba la kuzuia moto ili upike taratibu, moto haupandi katikati tena, unakimbilia pembeni, na pembeni ndo kuna gasketi. Kwa hiyo kipimajoto cha kwenye mfuniko kinaweza kusoma 150 huku ndimi za moto zinalamba ukingo kimya kimya, mpaka siku unashangaa mbona upande mmoja umekuwa mweusi na mwingine mzima.

Unene na upana sitakueleza sana, pima ile ya zamani basi, nyingi zina unene wa milimita 3 hivi. Urefu chukua kipenyo cha ukingo zidisha kwa 3.14, halafu mara mbili kwa sababu kuna ya chini na ya mfuniko. Ukingo wa sentimita 50 unakula 157 kila upande, yaani 314 jumla, na uongeze kidogo ya kukosea. Usije ukanunua mita tatu kamili halafu ukaivuta ifike! Ikivutwa itarudi yenyewe ikipata joto na utabaki na pengo la kupitisha kidole.

Haya, namba moja kwangu, na nasema wazi napendelea, ni ya faibaglasi (nyuzi za kioo) ya kampuni ya Rutland, ile bapa ya milango ya majiko ya kuni. Chukua isiyo na gundi mgongoni. Hapo ndo raha yake, inakuja tupu, gundi unachagua mwenyewe na unajua umeweka nini. Faibaglasi inavumilia mpaka 540 hivi, kwa hiyo kitambaa unasahau. Watu watakuambia inamwaga vumbi la kioo kwenye chakula na hawajakosea kabisa, ukiikata inachambuka, ngozi inawasha siku nzima, ndo maana unavaa glavu na barakoa, unakatia mbali na jiko, na ile sehemu iliyokatwa unaipaka silikoni ijifunge. Halafu unaibandika ikiwa imerudi nyuma kidogo, isichungulie ndani. Mtu asiyetaka kabisa kusikia habari ya kioo karibu na chakula namwelewa, aende namba mbili.

Gundi yenyewe natumia Permatex Ultra Copper, silikoni ya rangi ya shaba, inafika 371 kwa vipindi vifupi. Ni gundi ya injini, si ya chakula, tusidanganyane. Ndo maana unapaka nyembamba, ukiegemea upande wa nje wa ukingo, ukibonyeza isitoke hata tone kwa ndani, ikitoka unafuta hapo hapo. Unaiacha saa 24 bila moto. Mfuniko ukitaka kuushusha weka karatasi ya kuokea katikati, la sivyo asubuhi utakuta jiko limejifunga milele na utaanza kulia.

Namba mbili ni Nomex tupu, tena tupu, na silikoni hiyo hiyo. Laini, inakaa vizuri kwenye kona, haiwashi. Ukipika sana kwa moto mkali itakauka na kuwa ngumu mapema kuliko faibaglasi, lakini kwa mtu wa kupika taratibu kwenye 110 mpaka 135 itakaa miaka.

Namba tatu ni ile ya wavu wa faibaglasi ya Kamado Joe. Inabonyea na kurudi, inaziba vizuri mno, na kama jiko lako ni la kwao wala usihangaike na hii orodha, nunua hiyo. Kwa majiko mengine ni nene kuliko felti kama ya Nomex, mfuniko unanyanyuka, inabidi ulegeze bolti za mkanda, ile pete ya chuma inayoshika mfuniko, uupange upya, na si kila mtu ana uvumilivu wa kucheza na spana huku ameshikilia mfuniko mzito wa seramiki ambao ukiponyoka umekwisha.

Namba nne, Nomex ya kujibandika. Hii ndo iliyonitenda. Si zote mbaya, lakini mpaka muuzaji akuambie namba ya gundi, mi sigusi.

Zile rahisi za felti ya sufu zinaungua, basi. Mipira ya silikoni ya oveni inaishia 230 hivi au 260, haifai. Chochote chenye PTFE (ile Tefloni ya vikaango) usiweke kabisa, ikipita 260 inaanza kutoa moshi wenye sumu. Na ile kamba nyeupe inayoitwa "seramiki faiba", inastahimili moto kuliko zote hapa lakini vumbi lake si la kuvuta, Ulaya imewekwa kwenye kundi la vitu vinavyodhaniwa kuleta saratani. Hapana.

Kama jiko ni kuukuu la miaka ya zamani na hujui gasketi yake ilitoka wapi, usiikwaruze ikiwa kavu. Kamba za majiko zamani zilitengenezwa kwa asbesto. Lowesha, au bora mpe mtu anayejua kazi hiyo. Ya kisasa unatoa kwa skrepa, unamalizia na asetoni mpaka ukingo uwe mkavu na safi, usiache hata alama ya gundi ya zamani, maana hiyo nayo itaungua na utasingizia gasketi mpya. Asetoni na moto havikai pamoja, jiko liwe baridi kabisa.

Ukimaliza fanya jaribio la karatasi: funga mfuniko juu ya kipande cha karatasi, vuta, rudia kuzunguka ukingo wote. Ikitoka kirahisi upande mmoja tu, mara nyingi tatizo ni mkanda haujakaa sawa, si gasketi. Na hapa ndo wauzaji wanakula hela zetu, mtu anabadilisha gasketi mara tatu kwa mwaka kwa sababu mfuniko umekaa upande, na hakuna hata mmoja anayemwambia shika spana kwanza. Kwanini amwambie? Kipande cha kitambaa cha mita chache wanaweka kwenye boksi zuri lenye picha ya moto, bei inaruka, lebo inasema "inastahimili joto kali". Joto kali kiasi gani, la nini, la kitambaa au la gundi?

Yule aliyeniuzia nilimwandikia nikamuuliza hivyo hivyo, gundi yenu mwisho nyuzijoto ngapi. Akajibu baada ya siku nne, "ni kwoliti ya juu sana dada," na chini yake akaweka linki ya kumpa nyota tano.